Nipe Mji

Adhuhuri imepita, na joto limeufunika mji wa Ndoro kama kawa juu ya chungu. Mwana Hidaya binti Mwinyi Ngwali ameketi peke yake ghalani, chini kabisa ya nyumba ya baba yake, mtawala wa mji, mgongo ameuegemeza kwenye mlango mdogo unaoitwa Mlango wa Chini. Nyuma ya mlango huo iko njia iliyochimbwa na mababu, nyembamba hata watu wawili hawapishani, inapita chini ya ukuta wa mji na kutokea makorongoni. Huko nje watu wa Gongwe wamepiga kambi. Wameuzingira mji tangu mtama ulipokuwa mchanga, na sasa mtama umeiva, na waliouvuna ni wao. Juu orofani baba yake amelala kitandani, kiharusi kilimwangusha siku ile ile adui walipotokea, kikamwachia macho tu. Hasemi, hainuki, na kwa kuwa hakujaliwa mtoto wa kiume, pete ya enzi iko kidoleni mwa Hidaya, imezungushiwa uzi kwa ndani isimpwaye. Uani wamejaa watu wa mji na watoto wao na mikeka yao, wote wanakunywa kisima kimoja, na Hidaya akipita wananyamaza, wanamtazama mkono.

Mzee Faki, amiri wa walinzi, ameondoka mbele yake punde hivi. Mwana, amemwambia, nimelaza sikio chini nimesikia majembe. Wameijua njia. Tukiuziba mlango huu leo kwa mawe na chokaa, tumepona. Tukilala nao wazi, watatutokea humu ghalani kama siafu. Hidaya amemwuliza, na bwana wangu je? Maana Shekuwe, mumewe, ametoka kwa njia hiyo hiyo kwenda Dongoni, kwa wajomba zake, kuomba watu na silaha, na ya kurudia hana nyingine. Ametoka na Mbwana, mtoto wa Faki mwenyewe, lakini Faki hakumtaja mwanawe. Amesema tu, nimewaambia waashi wakoroge chokaa. Nangoja neno lako, Mwana. Na Hidaya amejibu, ningoje mpaka alasiri. Basi Faki amekwenda zake, na Hidaya amebaki na harufu ya chokaa mbichi inayoshuka ngazini, na ukimya. Tangu Shekuwe aondoke hajaambiwa na mtu, umekula? Anaulizwa tu, tule nini? Anaweka shavu juu ya ubao wa mlango, anasikiliza, hasikii majembe wala nyayo. Anafumba macho asikie vizuri zaidi.

Mlango unafunguka kwa ndani, taratibu, kama mtu anayefumbua kinywa usingizini, na Hidaya anajikuta amesimama upande wa pili. Njia haina giza alilolitarajia. Ni nyeupe, pana, imepakwa chokaa huku na huku, na haina dari, juu kuna anga lisilo na jua ingawa mchana ni mchana. Anatembea. Njia inagawanyika, anashika ya kulia, na ile ya kulia inazunguka inamrudisha pale pale ilipogawanyika. Anashika ya kushoto, nayo inateremka, inapanda, inateremka tena, inapita katikati ya mashamba ya mtama yaliyosimama bila kutikisika, na kila akigeuka nyuma njia aliyoipita imekwisha kuwa nyingine. Anaita, Shekuwe! Jina linakwenda mbele yake, linakata kona, halirudi. Hajawahi kuwa peke yake namna hii, maana hata mpweke husikia jirani akikohoa, na hapa hakuna wa kukohoa.

Kisha yupo mtu. Ameketi kando ya njia amevaa kanzu ya rangi ya vumbi, na Hidaya anaharakisha, anatoa salamu, mtu anainua kichwa, na uso hana. Hana jicho, hana pua, hana mdomo, pamekuwa laini kama ukuta uliosiribwa jana. Hidaya anataka kukimbia, ila miguu yake, miguu ya binti wa Mwinyi, haijafundishwa kukimbia mbele ya wageni. Anasema, wewe uliye hapa, namtafuta mume wangu. Amepita? Sauti inatoka kifuani mwa yule mtu, si ya kike si ya kiume, inasema, wamepita wengi, na njia ninazijua mimi. Lakini mimi siulizwi. Mimi nauliza. Kitendawili!

Hidaya anasita. Tangu utotoni hakusikia neno hilo nje ya chumba cha bibi yake. Lakini ulimi haujasahau. Tega, anasema.

Mgeni huyu ukimwita haji, ukimkimbia anakukamata.

Hidaya anafikiri. Anasema, kifo. Sicho. Anasema, uzee. Sio. Anasema, mapenzi, na yule mtu anatikisa uso wake mtupu. Umeshindwa, nipe mji. Hidaya karibu atabasamu, kwa kuwa ndivyo mchezo ulivyo, asiyejua hutoa mji na mwenye kitendawili huupokea, na watoto wa Ndoro wamekwisha kupeana miji ya dunia nzima na hakuna aliyewahi kukosa pa kulala. Anautoa ule unaomjia kwanza, mji aliozaliwa mama yake, ambao yeye mwenyewe aliuona mara moja tu akiwa mdogo. Nakupa Kivulini. Yule mtu anasema, nimekwenda Kivulini nimekaribishwa, nimekula nimeshiba, na mgeni huyo ni usingizi. Na papo hapo, mbali, upande wa kushoto, Hidaya anaona kitu kama moshi mweupe kikiondoka juu ya ardhi, na njia moja kati ya zile njia inajikunja kama mkeka. Anajaribu kukumbuka mlango wa nyumba ya mama yake Kivulini ulikuwa wa mbao gani. Hakumbuki. Anajaribu kukumbuka kama ulikuwa na mlango.

Kitendawili, anasema yule mtu.

Sitaki tena, anasema Hidaya. Nionyeshe njia.

Anayeulizwa hapiti bila kujibu. Kitendawili!

Tega.

Mdogo huyu nimembeba mimi, lakini anayetumwa ni mimi.

Mtoto mchanga, anajibu Hidaya haraka, na sauti inamkatika katikati ya neno. Siye, anasema yule mtu. Mzigo? Siye. Hidaya anakunja mikono, anaifungua, anaitazama njia, anamwona Shekuwe akilini mwake akitembea peke yake kwenye jua, na haraka inamshinda. Mji, mji wowote, mji wa watu wengine. Nakupa Dongoni, anasema, na neno likiisha kutoka moyo unamlipuka, maana Dongoni ndiko alikokwenda Shekuwe, Dongoni kwa wajomba, Dongoni ndiko uliko msaada. Ngoja, anasema, nimekosea, nitakupa mwingine. Yule mtu anasema, nimekwenda Dongoni nimekaribishwa, wanaume wake ni wengi na mikuki yao mirefu, na mdogo huyo ni pete. Hidaya anajitazama kidole. Moshi mweupe unaondoka tena juu ya ardhi, safari hii mbele yao, karibu, na njia pana kuliko zote inajikunja taratibu hata inakuja kuishia kwenye ncha ya kiatu chake.

Anapiga magoti. Anamshika yule mtu kanzu, yeye ambaye nyumbani hata shemeji zake hawamgusi mkono. Nirudishie, anamwambia. Uliotolewa haurudi kwa aliyeutoa, anajibiwa. Lakini usilie. Umebakiwa na mji mmoja. Nitakutegea cha mwisho, ukijua nitakuonyesha mumeo, usipojua utanipa Ndoro, na mumeo nitakuonyesha vile vile. Waona jinsi nilivyo mwema? Kwa vyovyote utampata. Na Hidaya, Mungu amsamehe, anaiona hukumu hiyo kuwa nyepesi. Anafikiri habari ya kutolala tena peke yake. Anafikiri habari ya kutotazamwa tena kidole. Neno Ndoro limekwisha kufika nyuma ya meno yake. Kisha anakumbuka mwanamke mmoja uani, mke wa mfua shaba, ambaye asubuhi alimwomba ruhusa amwogeshe mtoto wake kwa kikombe kimoja cha maji kwa sababu mtoto ametimiza arobaini, naye Hidaya alitoa ruhusa, na mwanamke alimwogesha mtoto juu ya beseni ili maji yale yale ayanywe baadaye. Hidaya anainuka, anapangusa magoti. Anasema, umetega mara mbili. Mimi nimetoa tu. Sasa ni zamu yangu. Kitendawili!

Yule mtu anainua kichwa tena. Hakuna aliyewahi kumwambia neno hilo. Tega, anasema.

Mume wangu alipoondoka nililia hata machozi yangu yakaisha, sikubakiwa na tone. Na bado nalia. Nalia kwa machozi ya nani?

Uso mtupu unageuka huku, unageuka huko. Ya mumeo, anasema. Siyo. Ya baba yako asiyeweza kulia. Siyo. Ya watu wa mji. Siyo, anasema Hidaya, umeshindwa, nipe mji. Nipe, kisha nitakwambia. Yule mtu anashusha mabega. Anasema, miji niliyopewa siwezi kuitoa, lakini uko mmoja wangu mwenyewe, na mumeo yumo. Jibu? Na Hidaya anajibu, ni machozi ya binti yetu Mboni. Aliishi majuma machache tu, hakuwahi kuyatumia. Ameniachia mimi.

Mji aliopewa uko mbele yake, na anaujua kabla hajaufikia. Ni Ndoro. Lakini ni Ndoro kama mtu anavyojiona majini. Mnara wa msikiti uliokuwa kulia uko kushoto. Maandishi ya Kiarabu ya juu ya lango yanaanzia kushoto kama yameandikwa na mtu aliyesimama nyuma ya ukuta. Milango imechongwa nakshi kwa ndani, kwa nje ni mbao tupu. Hakuna kambi, hakuna adui, hakuna hata ukuta wenyewe, pale unapopaswa kuwapo pamepandwa mchicha. Watu wanapita na vikapu vyao, na wakikutana husema kwaheri, kwaheri, wakishikana mikono kwa furaha, na wakiachana husema karibu. Hakuna anayemtazama mkono. Anajitazama mwenyewe, pete haipo, na pale ilipokuwa hapana hata alama. Anajiona mwepesi kama aliyetua mtungi kichwani. Anapita sokoni bila mtu kunyamaza, mwanamke mmoja anampiga kikumbo wala haombi radhi, na Hidaya anacheka peke yake kwa raha ya kupigwa kikumbo.

Shekuwe yuko barazani kwao anashona kamba ya kiatu. Anainua macho. Kwaheri, mke wangu, anasema, na uso wake ni ule ule, mwanya ule ule wa meno, na sauti ile ile inayoanza chini kisha inapanda. Hidaya anaketi kando yake. Nimekutafuta, anasema. Umenitafuta wapi, anacheka Shekuwe, nami sijaenda popote? Umekula? Na kwa neno hilo moja, umekula, Hidaya anafunika uso na mikono, na Shekuwe anamwekea kiganja mgongoni, anakizungusha polepole. Wanaingia ndani. Kuna wali, kuna samaki wa kukaanga, kuna maji kwenye gudulia hata yanamwagika, na Shekuwe anamnawisha mikono mwenyewe. Wanazungumza mambo madogo, jirani aliyenunua punda mkaidi, paa linalovuja, kanga zilizofifia. Hidaya hakumbuki mara ya mwisho alipozungumza jambo ambalo maisha ya mtu hayakulitegemea. Mwinyi wa mji huu ni nani, anauliza, na Shekuwe anasema, Mwinyi wa nini? Kila mtu ana ufunguo wa mlango wake. Kaa, mke wangu. Unasema kama mtu aliye safarini.

Nitakaa, anasema Hidaya. Na anasema kweli. Ananawa mikono, anajifunga kanga vizuri, anasema, nitoke kwanza nyuma ya nyumba nimsomee Mboni, sijamsomea tangu Ijumaa.

Shekuwe anatabasamu, anangoja aendelee.

Mboni, anasema Hidaya tena.

Jina zuri, anasema Shekuwe. Ni nani?

Hidaya anatoka nyuma ya nyumba bila kiatu. Mkomamanga upo, umechanua, lakini chini yake pamefagiliwa sawasawa, hapana kijiwe cha kichwani wala kijiwe cha miguuni. Shekuwe amemfuata, amesimama mlangoni kwa wasiwasi wa mtu mwema asiyejua amekosea wapi. Binti yetu, anamwambia Hidaya. Aliyekuwa na kidole cha mguuni kilichopanda juu ya mwenzake. Ulikesha ukimpepea kwa ukili wa mkeka kwa sababu kipepeo cha jikoni kilikuwa na harufu ya moshi. Ulimshusha kaburini wewe mwenyewe, ukakataa kupokewa. Na Shekuwe anamshika mabega, anamwambia kwa upole, hapa hatujazaa bado, mke wangu. Hapa hajafa mtu wa kwetu. Si vizuri hivyo? Tutazaa, tutampa jina hilo hilo. Hidaya anamtazama machoni, anatafuta pale ambapo huzuni ya mumewe hukaa, kwenye kona ya jicho la kushoto, pale anapopajua yeye tu duniani, na hapana kitu. Pamefagiliwa. Ni mtu mzuri sana huyu, na angempenda mpaka uzeeni, naye Hidaya angekuwa mke wa mtu ambaye hajawahi kulia naye. Anamwondoa mikono mabegani, mmoja mmoja, taratibu asimwumize. Anasema, naenda. Shekuwe wa mji ule hamzuii. Anasimama kizingitini, anainua mkono, na kila Hidaya anavyozidi kwenda ndivyo anavyomsikia nyuma yake akisema, karibu, mke wangu. Karibu. Karibu.

Njia sasa ni moja tu, na kandokando yake kuna mapengo palipokuwa na nyingine. Anatembea muda ambao hauna kipimo. Yule mtu wa njiani hayupo, imebaki kanzu yake tu imekaa wima kama yuko ndani yake. Hidaya hana tena anayemtafuta huku, na asiyetafuta, njia haimzungushi. Mbele yake kuna mlango mdogo. Nyuma ya mlango watu wananong'ona. Anausukuma, hausukumiki, anausukuma kwa bega, na bega linamwuma kweli.

Mwana, anasema Faki. Mwana, amka. Amerudi.

Ghala ni ghala, harufu ya chokaa ni ile ile, na mbele yake, amekaa chini kwenye mwanga wa tundu la ngazi, yuko Shekuwe. Amekonda. Vumbi limemganda ndevuni, mkono wa kuume ameufunga kitambaa chenye damu kavu. Faki anasema, amegonga mlango nawe umeuegemea, tumekuvuta kando hujasikia. Hidaya anatambaa kwa magoti mbele ya walinzi na waashi bila haya, anamshika mumewe uso kwa mikono miwili, na uso una joto, una mchanga. Bwana wangu, anasema. Bwana wangu, Dongoni wanakuja?

Shekuwe anamtazama Faki, anamtazama yeye. Sijui niseme nini, anasema, na sauti imekauka. Nimefika pale ilipo Dongoni. Nimekuta nyasi. Nyasi na mbuzi wa mtu wanakula. Si kwamba umechomwa, hapana majivu, hapana hata jiwe la msingi. Nimemwuliza bibi mmoja anaokota kuni, mji wa hapa umekwenda wapi? Akasema, mwanangu, mimi nimezaliwa hapa, hapajawahi kuwa na mji. Faki anaweka mkono begani mwake. Njia zimekupotea, bwana, anamwambia. Njaa humpoteza mtu hata mlangoni kwake, tena hao wa Gongwe wamekata miti yote tuliyoizoea. Waashi wanaitika, kweli, njaa. Hidaya anajitazama mkono. Kidoleni pete ipo. Ulimi ameubana kwa meno, kwa kuwa akiufungua utasema, ni mimi niliyeutoa, na hapo watu wa Ndoro watajua kwamba anayewalinda amepungukiwa na akili, au, na hilo ndilo baya zaidi, kwamba hajapungukiwa.

Na Mbwana? anauliza Hidaya.

Shekuwe anainamisha kichwa. Yuko nyuma yangu, anasema. Walituona tukishuka makorongoni, akapigwa mshale wa paja. Nilimbeba mpaka nikaangushwa na huu mkono. Akaniambia, tangulia, nakuja kwa kutambaa, waambie wasifunge. Yuko ndani ya njia au karibu na mdomo wake, sijui. Walinzi wote wanageuka kumtazama Faki. Faki ameinama, anachagua mawe. Analishika moja, analipindua, analiweka, anashika jingine. Kutoka ndani kabisa ya ile njia, mbali, unasikika mshindo wa jembe, halafu mwingine, halafu sauti za watu wengi.

Hidaya anainuka. Faki, anasema, tumpe nafasi. Tungoje kidogo. Watu wawili waingie wamvute.

Wakiingia wawili hawatatoka wawili, anasema Faki. Alasiri imefika, Mwana.

Ni mwanao.

Mzee Faki anainua uso. Ni uso wenye kila kitu, macho, mikunjo, ndevu zilizolowa. Adhuhuri, anasema, aliyekuwa nje alikuwa wako na wangu, na nilikuomba ufunge. Sasa wako ameingia. Nikikuomba sasa usifunge, nitakuwa nimesema nini? Kwamba mume wa Mwana afungiwe lakini mtoto wa Faki angojewe? Siwezi, mama. Usinipe nafasi ya kukuomba. Sema neno.

Laiti angelia, laiti angemshika miguu, Hidaya angeweza kukataa au kukubali kwa sababu ya mwingine. Lakini ametulia, na ghala zima limetulia, na watoto wanasikika uani wakigombea kivuli. Hidaya anajua sasa uzito wa kutoa kilicho cha mwenzio. Ni mwepesi mdomoni tu. Anajilazimisha kutomwangalia mumewe, asije akasema neno hilo kwa nguvu za mtu aliyekwisha kupata chake. Anasema, jengeni. Na kwa kuwa hawezi kusema zaidi, anainama analibeba jiwe la kwanza mwenyewe, zito, linamchubua mikono, na Faki analipokea upande wa pili, na wanalilaza pamoja kizingitini.

Wanajenga. Waashi wanapiga chokaa, walinzi wanapitisha mawe, na mlango unapotea kuanzia chini. Ulipobaki upenyo wa mkono mmoja Faki anawasimamisha wote, anatia mdomo pale penye giza, anaita mara moja, Mbwana! Anaweka sikio. Wote wanazuia pumzi. Kama amesikia kitu, hasemi. Anajaza upenyo kwa mkono wake, anausawazisha kwa kiganja. Haupiti muda mrefu nyayo zinakuja mbio upande wa pili, nyingi, na vyuma vinagonga mawe, vinagonga tena kwa hasira, na vumbi kidogo linadondoka, lakini ukuta umekaa. Wanagonga, wanatukana, wanachoka. Nyayo zinarudi zilikotoka. Uani mtu anapiga kigelegele, kisha wengine, kisha nyumba yote, kwa kuwa habari imewafikia kwamba adui amefika mlangoni amekuta ukuta. Faki ameketi chini, ameegemeza paji la uso kwenye chokaa mbichi, na hakuna anayethubutu kumwambia mzee inuka.

Watu wanapanda ngazi mmoja mmoja. Hidaya anabaki, Shekuwe anabaki. Anataka kumwuliza neno moja, juu ya mtoto wao, neno moja tu, jina. Linamfika kooni. Anamtazama kona ya jicho la kushoto, na vumbi limejaa pale, haijulikani kama huzuni ipo. Akimwuliza naye akajibu, ni nani? Hidaya atakwenda wapi tena, na njia zimezibwa? Anameza. Shekuwe anajilaza, anaweka kichwa mapajani mwake kama alivyokuwa akifanya, anasema, uliuacha wazi. Nilikuwa nikijiambia njia nzima, atauacha wazi. Na kabla hajamaliza kusema usingizi umemchukua, mdomo wazi kidogo, pumzi nzito.

Hidaya anataka kumpangusa vumbi usoni. Mkono unafika karibu, unasimama. Limemjia wazo, na likiisha kuja haliondoki. Kwamba pengine hakuna aliyerudi. Kwamba pengine Shekuwe amelala makorongoni muda huu, upande wa pili wa ukuta, amejeruhiwa, jua linamwakia usoni, naye anaota amefika nyumbani, ameukuta mlango wazi na mkewe amekaa, amemlalia mapajani. Na akifumbua macho kule, ghala hili litakuwa wapi? Yeye Hidaya atakuwa wapi, na kigelegele kile, na mzee yule kwenye chokaa?

Mguu umemfa ganzi. Inzi anatua kwenye kitambaa cha damu, Hidaya anamfukuza kwa pumzi tu, polepole. Hausogezi mguu. Hamwamshi.